Koki Ifungwe Lini? Umwagiliaji wa Matone na Ubora wa Mapeasi katika Nyanda za Mbulu na Hanang



Nimepewa mada ya mipira ya matone na ubora wa mapeasi. Kabla sijaigusa, tuwekane sawa. Mbulu haijulikani sokoni kwa mapeasi, inajulikana kwa vitunguu saumu. Ukishuka Hanang utakutana na ngano, mahindi, mbaazi na alizeti. Peasi analokula Mtanzania, likiwa si la Afrika Kusini, mara nyingi limetoka Lushoto au nyanda za juu kusini. Kwa hiyo leo hatuzungumzii zao ambalo tayari limejaa mashambani kwenu. Tunazungumzia zao ambalo mwinuko wetu na baridi yetu vinaweza kulibeba, na tunauliza kama maji ya matone yatalifanya liwe tunda la kuuzika au yatatuongezea gharama tu.

Tuanzie Lushoto, kwa sababu kule jaribio limedumu zaidi ya karne. Wajerumani walifungua kituo cha majaribio Kwai, juu ya Lushoto, mwaka 1896, wakijaribu mazao na mifugo ya kwao. Leo ukipita Mombo, chini ya Lushoto, msimu wa matunda, basi likisimama tu, vijana na akina mama wanakimbilia madirishani na ndoo ndogo za mapeasi na maplamu. Nunua ndoo moja uichunguze. Juu utakuta mapeasi makubwa yenye ngozi safi. Chini yake yamejaa madogo, mengine yamepinda upande mmoja. Ukiuma, mojawapo lina maji matamu hadi yanachuruzika kidevuni, la pili ni gumu na lina chembechembe zinazosaga meno, la tatu ni laini kwa nje lakini moyo wake umeshakuwa wa kahawia. Ndoo ni ile ile, labda hata mti ni ule ule. Kwa mchuuzi wa Mombo hilo si tatizo, maana basi likiondoka mnunuzi hawezi kurudi kulalamika.

Nenda sasa kwenye duka kubwa la Arusha uone mapeasi ya Afrika Kusini. Yote yana ukubwa mmoja na rangi moja, na ukiliweka moja mezani siku kadhaa linaiva hadi moyoni bila kuoza. Aprili 2025, Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, alipozuia mazao ya Afrika Kusini na Malawi kuingia nchini, wengi walisema huo ndio wakati wa matunda yetu. Zuio liliondolewa baada ya siku chache. Lakini hata lingedumu mwaka mzima, duka lile lisingechukua ndoo ya Mombo. Linachotafuta ni mapeasi yanayofanana, na kwa tunda kama hili mfanano huo unategemea sana maji.

Ubora wa peasi hauko kwenye utamu peke yake. Kuna sukari, ambayo wataalamu wanaipima kwa tone moja la juisi kwenye kioo cha refraktomita. Kuna ugumu wa nyama siku ya kuchumwa. Kuna zile chembechembe, kuna ngozi, kuna ukubwa, na kuna muda ambao tunda linakaa kabla ya kuharibika. Tena peasi lina tabia ambayo wengi hatuijui: halifai kuachwa liive mtini. Linaiva kuanzia moyoni kwenda nje, kwa hiyo likilainika kwa nje likiwa bado tawini, ndani limeshapita. Linachumwa likiwa limekomaa lakini gumu, kisha linawekwa liive, kama tunavyokata mkungu wa ndizi mbichi na kuuvundika. Ukitaka kujua limekomaa, lishike, liinue mpaka lilale usawa. Kikonyo kikikatika chenyewe kwenye kifundo, wakati umefika. Kikigoma, liache.

Sasa tuangalie maji ndani ya mti. Katika wiki sita hivi za mwanzo baada ya kuchanua, tunda halionekani kukua sana, lakini ndani linagawanya seli. Idadi ya seli inayopatikana wakati huo ndiyo inayoweka mpaka wa ukubwa wa baadaye. Mti ukipata kiu kali wiki hizo, hata uumwagilie mto mzima baadaye, matunda yatabaki madogo. Baada ya hapo kuna kipindi cha katikati: tunda linakua polepole, huku matawi na majani yakikimbia. Mwishoni, katika miezi miwili ya kuelekea kuchuma, tunda linajaa kwa kasi, na sehemu kubwa ya uzito inaingia hapo.

Mpira wa matone unaingia kwenye ratiba hii kwa njia mbili. Ya kwanza kila muuzaji wa vifaa ataitaja: maji hayapotei, majani yanabaki makavu na magonjwa ya ukungu yanapungua, udongo wa kwenye mizizi hauruki kutoka matope hadi vumbi. Hili la mwisho lina uzito kuliko linavyosikika. Madini ya kalsiamu yanapanda na maji kutoka kwenye mizizi, na tunda linapata mgao mdogo kuliko majani. Maji yakija kwa kukatikakatika, tunda ndilo linalokosa kwanza, na matokeo yake ni madoa makavu ya kahawia ndani ya nyama, ambayo mnunuzi anayagundua akishalikata. Maji yakiwa tulivu, madoa hayo yanapungua.

Njia ya pili wauzaji hawaitaji, kwa sababu haiongezi mauzo ya mipira. Ni kufunga koki.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na miaka ya 1980, katika kituo cha utafiti cha Tatura, jimbo la Victoria nchini Australia, David Chalmers, Peter Mitchell na wenzao walianza kuinyima maji mipichi na mipeasi kwa makusudi. Hawakuinyima ovyo. Walipunguza maji katika kipindi kile ambacho tunda linakua polepole na matawi yanakimbia, kisha wakayarudisha kikamilifu tunda lilipoanza kujaa. Mwaka 1984 walichapisha matokeo ya mipeasi aina ya Williams. Matawi yalipungua urefu, kazi ya kupogoa ikapungua, na matunda hayakudumaa: maji yaliporudi, yaliwafikia wenzao waliokuwa wakinywa muda wote. Mti uliokuwa unatumia nguvu kujenga majani sasa ulizipeleka kwenye tunda. Mbinu hiyo imeenea tangu hapo, na huwezi kuitumia vizuri kwa mfereji. Mfereji unajaza shamba lote kwa mara moja, kisha unasubiri zamu yako irudi. Kwenye matone unaweza kusema leo nusu, kesho nusu, wiki ijayo robo.

Mkulima wa vitunguu saumu wa hapa Mbulu hahitaji kupelekwa Australia kulielewa hili. Anajua kwamba wiki mbili au tatu kabla ya kung'oa anaacha kumwagilia, ili ganda likauke na kitunguu kisioze ghalani. Anajua pia kwamba kitunguu kilichonyweshwa hadi siku ya mwisho kinaonekana kikubwa shambani, lakini hakifiki Dar es Salaam kikiwa kizima. Tofauti ni kwamba kwenye mpeasi hesabu ya kunyima na kutoa inakwenda kwa miezi, na ukikosea msimu huu mti unakukumbusha hata msimu ujao.

Nisipotoshe. Kunyima maji mwishoni, tunda linapojaa, kunapandisha sukari lakini kunashusha uzito. Sehemu ya utamu ule ni sukari ile ile katika maji machache zaidi. Kuzidisha maji nako kuna adhabu yake: tunda kubwa, laini, lenye ladha hafifu, lisilostahimili safari, na zaidi ukiwa umemwaga na mbolea nyingi ya naitrojeni. Halafu kuna kupunguza matunda. Mti uliobeba matunda machanga matano katika kila kishada hautatoa peasi la daraja la kwanza hata ukiwa na mipira ya bei gani. Acha moja au mawili kwa kishada, mengine yaondoe mapema. Inauma kuyatupa, najua. Lakini kazi hii ya vidole ina faida karibu sawa na mtambo wote wa maji.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba tuko Australia. Hatuko huko, na mambo mawili yanatutenga.

La kwanza ni usingizi wa mti. Mpeasi wa Ulaya unahitaji saa nyingi za baridi chini ya nyuzi joto 7 ili uamke na kuchanua kwa pamoja. Aina nyingi zinataka saa 600 na zaidi. Sisi hatuna majira ya theluji. Tuna baridi ya Juni na Julai, na kwenye miinuko ya Kainam na pembeni mwa msitu wa Nou baridi hiyo ni ya kweli, lakini haifikishi hesabu hiyo. Ndiyo maana aina za kujaribu huku ni zile zenye mahitaji madogo, kama Kieffer, Hood na Flordahome, zilizobebeshwa kwenye shina linalofaa udongo wenu. Hata hizo zinahitaji kupumzika. Mahali pasipo na baridi ya kutosha, kiangazi kinaweza kusaidia kazi hiyo. Wakulima wa kahawa wanalijua hili: mbuni unakaa na kiu, mvua ya kwanza inanyesha, na siku chache baadaye shamba lote ni jeupe. Huko Batu, Java Mashariki, wakulima wa matofaa wanakwenda mbali zaidi, wanang'oa majani kwa mkono baada ya mavuno ili mti uamke upya.

Sasa fikirini mkulima aliyenunua mipira, akafurahi, akaacha koki wazi Juni yote, Julai yote, Agosti yote, kwa sababu maji yapo. Mti wake haupumziki. Unachanua tawi moja leo, lingine mwezi ujao, na wakati wa kuchuma unakuta kwenye mti mmoja tunda lililokomaa, tunda changa na ua. Hiyo ndiyo ndoo ya Mombo, safari hii ikiwa imegharamiwa kwa mtambo. Kwa hiyo, mavuno yakishaisha na majani yakianza kuchoka, kwa nyanda hizi ningefunga koki, nikaacha kiangazi kifanye kazi yake. Mti usife kwa kiu, lakini ujue kwamba chakula kimeisha.

La pili ni mvua. Katika Rasi ya Magharibi ya Afrika Kusini, kule Ceres, mvua inanyesha wakati wa baridi, mti ukiwa umelala. Tunda linakua wakati wa jua kali, na mkulima ndiye anayeamua kila lita. Kwetu ni kinyume. Mvua zinaanza mnamo Novemba na kuendelea hadi Mei, na miaka mingine kunakuwa na pengo katikati. Mpeasi ukichanua Septemba, matone yanauvusha hadi mvua, na hapo yana thamani kubwa kwa sababu ndizo wiki za seli. Lakini tunda litajaa Januari na Februari mvua ikinyesha, na koki ya mbinguni hatuishiki sisi. Tunda la hivyo linaweza kuwa kubwa na bado likakosa utamu.

Wengine watasema basi mipira haina kazi. Mimi naona kazi yake ni kubwa zaidi, ila inahitaji ujasiri. Je, tukiweza kuusogeza mti uchanue mnamo Januari, uingie kwenye kujaa Aprili na Mei mvua zikikatika, na uchumwe Juni? Miezi ile ya mwisho ingekuwa mikononi mwa mkulima, koki ndiyo ingeamua, na tunda lingekomaa kwenye jua kavu. Hatari yake ni maua kukutana na mvua na ukungu, na mti kuingia kwenye baridi ukiwa bado na mzigo. Sitawashauri mfanye hivyo shamba zima. Nawashauri mfanye kwa mstari mmoja, mkiung'oa majani kwa mkono, huku mstari wa pili ukifuata majira yake.

Nakuja kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapouziwa ndoto. Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Jua na upepo wa Septemba huku juu vinaweza kuvuta milimita 4 au 5 kwa siku, tuchukue 4. Saa sita mchana simama chini ya mti upime kivuli chake. Kikifunika mita za mraba 6, mti huo unataka lita 24 kwa siku. Ukiwa na matundu manne, kila moja likitoa lita 2 kwa saa, unafungua kwa saa tatu. Ekari moja yenye nafasi ya mita 4 kwa 4 ina miti 250 hivi, maana yake lita 6,000 kwa siku. Tangi la lita 5,000 halimalizi siku moja. Anayekuambia kwamba tangi moja na mipira vinatosha ekari mbili za matunda, mwombe akupigie hesabu hii mbele yako.

Halafu kuna mteremko. Tangi lililoinuliwa mita 2 linatoa msukumo mdogo sana, na kila mita moja ya kushuka inauongeza. Ukilaza mpira kutoka juu kwenda chini ya kilima, mti wa chini unakunywa na wa juu unalamba. Mapeasi ya mstari ule hayatafanana hata kidogo. Laza mipira kwa kufuata kontua. Wazee wa Kainam na eneo lote la Irqwar Da'aw wamelima miinuko ile kwa vizazi vingi kwa matuta, samadi na kuongoza maji mabondeni, hadi watafiti wa kigeni wakaja kuandika vitabu. Anayetaka kujua mpira upite wapi, awaulize kwanza wao. Kila mwezi weka vikombe chini ya matundu kumi, juu, katikati na chini, kwa dakika zile zile, ulinganishe. Kikombe chenye nusu ya wenzake kinakuonyesha tundu lililoziba.

Kuziba hakuepukiki, kwa sababu ya maji yetu. Mito ya huku haifiki baharini. Inaishia kwenye maziwa ya magadi na chumvi: Manyara, Eyasi, Balangida. Maji ya baadhi ya visima yamejaa chokaa na chumvi, na mpeasi hauipendi chumvi. Chokaa inaganda kwenye tundu. Chumvi inafanya jambo la hila zaidi: matone yanaisukuma hadi pembeni mwa sehemu yenye unyevu, na inakaa pale ikiwa pete nyeupe juu ya udongo. Mvua ndogo ya kwanza ya Novemba inaiyeyusha na kuirudisha kwenye mizizi, na majani yanaungua kingo mkulima akishangaa. Siku hiyo ya mvua ndogo, wakati kila mtu anafunga, wewe fungua, ili maji ya mpira yaizuie chumvi isirudi. Na kabla ya kuchimba kisima au kuvuta chemchemi, peleka maji yapimwe. Wakati huo huo ombeni kibali cha kutumia maji kwa Bodi ya Maji Bonde la Kati iliyoko Singida, kama Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inavyotaka. Majirani wa chini ya chemchemi nao wana ng'ombe.

Mipira yenyewe si uchawi. Simcha Blass, mhandisi wa Israeli, alianza kuliwaza jambo hili miaka ya 1930 baada ya kuona mti ulionenepa kuliko wenzake kando ya bomba linalovuja. Ilibidi plastiki ya bei nafuu ipatikane ndipo, mwaka 1965, yeye na Kibbutz Hatzerim waanzishe kampuni ya Netafim. Hanang nayo inajua habari za mitambo. Mashamba ya ngano ya Basotu, chini ya shirika la umma la NAFCO na kwa msaada wa Kanada, yalileta matrekta mengi kabla mtu hajawauliza Wabarabaig ardhi ile walikuwa wanaitumiaje. Mtambo ukitangulia maswali, lawama hubaki kwa wenyeji.

Swali ambalo halijaulizwa kwenye mapeasi ni la bei. Mnunuzi akipima kwa ndoo au kwa lumbesa, analipia ujazo. Mkulima aliyefunga koki kwa wakati wake, akapata tunda dogo kidogo, tamu, gumu na linalokaa, atalipwa sawa na jirani aliyelijaza tunda maji, pengine pungufu. Mmeliona kwenye vitunguu saumu: cha China ni kikubwa, cheupe na rahisi kumenya, chetu kina harufu na ukali unaotosha sufuria nzima kwa punje mbili, lakini muuzaji anatazama ukubwa. Hakuna sababu mkulima anunue kifaa cha ubora kwa soko linalonunua wingi.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni kidogo. Vikundi viwili, kimoja Mbulu na kimoja pembeni mwa mlima Hanang, kila kimoja na miti isiyozidi 60 ya aina moja. Mstari mmoja uachiwe mvua tu. Wa pili upate matone bila kukatishwa tangu ua hadi kuchuma, ukifungwa kiangazi. Wa tatu upunguziwe maji katika kipindi cha katikati kila mvua inaporuhusu. Wa nne uwe ule wa kung'olewa majani. Afisa ugani aandike tarehe za maua, apime matunda kumi kwa kila mstari kwa refraktomita, ayaweke mezani siku kumi, kisha ayapasue yote. Wakati huo huo aitwe mfanyabiashara mmoja wa matunda kutoka Arusha, mapema, kabla kikundi hakijanunua hata mita moja ya mpira, aseme mbele ya watu peasi la daraja la kwanza atalinunua kiasi gani kwa kilo. Asipotaja bei, fedha za mipira zipelekeni kwenye nyanya.